Ukifika Fes usiishie hapo, panda teksi uende Sefrou

Wengi wanaoenda Moroko wakishazunguka Fes wanaona wamemaliza, sasa toka hapo kama kilomita 28 tu kwenda kusini, chini ya milima ya Atlas ya Kati, kuna mji unaitwa Sefrou na watalii wake ni wa kuhesabu. Hakuna kijana wa kukufuata nyuma akikulazimisha uingie duka la mjomba wake. Raha tupu.

Kwanza siku. Nenda Alhamisi, ndio siku ya gulio, watu wa vijijini wanashuka na mazao yao na mji unachangamka. Mimi mara ya kwanza nilijichanganya nikaenda Ijumaa mchana, watu wameshaswali wako makwao wanakula kuskusi, maduka yote kufuli, nikabaki mimi na paka.

Usafiri ni teksi kubwa. Ukiwa Fes chukua zile ndogo nyekundu, mwambie dereva akupeleke stendi ya magari ya Sefrou. Teksi kubwa za hapo mambo yake ni kama daladala tu, ratiba hakuna, ikijaa inaondoka, ila inabeba abiria sita, na kama ni ile Mercedes ya zamani basi wawili wanabanana mbele pamoja na dereva na wanne nyuma, kwa hiyo kama una mwili kama wangu lipia siti mbili, unasema "juj blays" na hakuna atakayekushangaa. Nauli muulize abiria mwenzio, sio dereva, na sema wazi unataka siti, usije ukajikuta umekodi gari zima. Dirham kabadilishe Fes na ubebe noti ndogondogo.

Ukishafika usiwe na haraka, mji wa kale unauzunguka kwa miguu. Mto Aggai unapita katikati kabisa, na usiuchukulie poa kwa sababu mwaka 1950 ulifurika ukaua watu. Vuka daraja uingie mellah, mtaa waliokuwa wanaishi Wayahudi, zamani walikuwa wengi mno hapa, sasa nyumba zao ndefu zimebaki na wapangaji wengine. Na soko hilohilo unaloliona la kawaida, Clifford Geertz, yule mwanaanthropolojia wa Marekani, alikuja kulichunguza miaka ya 1960.

Kitu cha kutafuta ni vifungo vya kanzu za jelaba. Wanawake wanavishona kwa mkono, nilikaa pembeni ya mama mmoja nikawa naangalia, sindano na uzi wa hariri tu, anazungusha, anapitisha, anakaza, mpaka kinatoka kitufe kigumu kama punje ya njegere, na jelaba moja inakula vifungo kibao. Nilinunua kumi na mbili, fundi wangu hapa nyumbani mpaka leo anavionea wivu. Picha omba kwanza, akikataa usibembeleze.

Maporomoko yapo juu kidogo ya mji, ya kawaida tu ila kivuli kizuri. Ukiwa na muda zaidi panda teksi uende Bhalil, jirani hapo, kuna watu nyumba zao ni mapango.

Juni kuna tamasha la cheri, lipo tangu 1920 na UNESCO wameliingiza kwenye orodha yao 2012, ila wakati huo utulivu sahau.

Lugha ni Kiarabu chao cha Darija na Kifaransa kidogo. Anza na salamu aleikum, mengine yatajipa, ukisema "sabun" dukani unapewa sabuni! Mimi walikuwa wananiuliza kama natoka Senegali, kwa sababu Wasenegali wengi wanakuja Fes kuzuru kaburi la Sheikh Ahmad Tijani, mwanzilishi wa tarika ya Tijaniyya. Beba sweta pia, kuanzia Novemba baridi ya jioni sio mchezo.

Kurudi, wahi stendi kabla ya magharibi, maana giza likiingia abiria wanapungua na mtakaa humo garini mkimsubiri mtu wa sita.