Kutengeneza baraza ya nje kwa chokaa, Mji Mkongwe

Baraza ya nje, lile benchi la mawe lililoshikana na ukuta wa mbele, hutumika kuliko sehemu nyingine yoyote ya nyumba, na wanaoitumia zaidi ni watu wa mtaa. Hapo ndipo watu wanywapo kahawa na kashata, wachezapo bao, wasubiripo adhana. Masika, maji yakijaa kichochoroni, juu yake ndipo wanapopita. Kwa hiyo lipu yake hufa mapema, na ikishakufa inafaa irudishwe kwa vitu vilevile ilivyojengewa.

Usitie saruji. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilijengwa karne ya 19, kabla na baada ya Waingereza kuitia Zanzibar chini ya himaya yao mwaka 1890, kwa mawe ya matumbawe, udongo mwekundu na chokaa. Kuta hizo hazikuwekewa chochote cha kuzuia unyevu chini. Maji hupanda kutoka ardhini, yakatokea usoni mwa ukuta, upepo ukayakausha. Lipu ya chokaa inayapitisha. Ya saruji inayafungia ndani, yenyewe na chumvi yake. Mwaka wa kwanza baraza inapendeza. Baada ya masika mawili matatu inatutumka kama andazi, ukiigonga inalia kama mtungi mtupu, na siku ikianguka inabanduka na uso wa jiwe, maana saruji ni ngumu kuliko tumbawe lenyewe. Hasara hiyo hairudi.

Mji Mkongwe umo katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000, na ujenzi wake unasimamiwa na Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Ulizia kibali kabla hujagusa jiwe. Kama nyumba ni ya wakfu, anzia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Wala usiongeze upana wa baraza, hata kwa vidole vinne: kichochoro ni njia ya watu, ya vespa na ya jeneza.

Wakati mzuri ni kipupwe, Juni hadi Agosti. Chokaa ikinyeshewa kabla haijashika inaoshwa yote, na jua la kaskazi huikausha upesi mno ikabaki unga.

Vitu na vipimo

Tuchukue baraza ya urefu wa mita 3, upana sentimita 50, kimo sentimita 45. Juu, mbele na pembe zake mbili ni kama mita za mraba 3.3. Tabaka mbili za lipu, milimita 10 kila moja, pamoja na kuziba mashimo na kinachopotea, zinataka madebe 6 ya mchanga kwa madebe 2 ya chokaa iliyoloweshwa.

Mchanga uwe wa shimo, wenye punje kali, uliochekechwa. Wa pwani una chumvi, na chumvi hiyo itachanua ukutani kama ukungu mweupe. Ukiukamata mkononi mkavu ukakuachia vumbi jingi kiganjani, una udongo. Uoshe au utafute mwingine.

Chokaa ya mifuko iloweshe siku moja kabla, kwa uchache. Iliyokaa majini miezi ni bora zaidi: inakuwa laini kama siagi na haikwaruzi mwiko. Ukipata chokaa hai ya tanuri, ambayo haijatiwa maji bado, mimina chokaa kwenye maji, kidogo kidogo, wala si maji kwenye chokaa, kwani huchemka na kuruka. Vaa miwani na glavu. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali bila kungoja.

Kazi yenyewe

Gonga baraza yote kwa mpini wa nyundo. Panapolia wazi pabandue kwa tindo ndogo. Panapolia kizito paache, lipu ya zamani nzima usiiondoe. Kwangua viungo vya mawe mpaka ufikie kigumu, fagia vumbi lote.

Jioni lowesha maji, asubuhi tena. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Tumbawe kavu linanyonya maji ya lipu kwa dakika chache, na lipu iliyonyonywa haishiki. Utajua imetosha pale jiwe linapokataa kunywa: lina giza la unyevu, lakini halitiririki.

Changanya mchanga na chokaa kwa muda mrefu kuliko unavyodhani, ukiponda kwa koleo, na usikimbilie kuongeza maji. Chokaa kavukavu hulainika yenyewe ikipondwa. Inayomwagika kwenye mwiko itapasuka.

Mashimo makubwa yazibe kwanza kwa vipande vya matumbawe na chokaa. Usiyajaze chokaa tupu. Tabaka la kwanza litupie kwa mwiko liingie kwenye matundu, lisawazishe, lichanechane kwa msumari. Lifunike kwa gunia bichi, siyo nailoni iliyobanwa, kwa sababu chokaa hukomaa kwa hewa na unyevu pamoja. Rashia gunia asubuhi na jioni. Baada ya wiki hivi, bonyeza kwa ukucha: ukiacha alama hafifu tu, tia tabaka la pili.

Uso wa juu uinamie njiani, sentimita 1 kwa upana wote wa sentimita 50, usije ukawakalisha watu kwenye dimbwi. Ukingo uviringe, wenye pembe kali unamegwa na mkoba wa kwanza wa sokoni utakaougonga. Malizia kwa kibao cha mbao. Cha chuma kinavuta chokaa juu, kinafanya ngozi, na ngozi inapasuka. Nyufa nyembamba zikitokea kesho yake si msiba: rashia maji, sugua tena kwa kibao mpaka zijifunge.

Wiki mbili zikipita, paka chokaa nyepesi kama maziwa, mipako minne au mitano, kila mmoja kwa siku yake na ukuta ukiwa na unyevu. Ikiwa bado mbichi haionekani kama umepaka kitu. Usizidishe uzito, weupe huja ikikauka. Chokaa iliyopakwa nzito siku moja hubambuka na kuwachafua watu kanzu na mabuibui.

Wazee wa baraza waambie mapema, uwatafutie benchi la mbao mahali pengine kwa muda wa kazi, na mwezi mmoja baada ya lipu ya mwisho. Kamba ya kuzuia peke yake haitoshi, mtu akichoka atakaa.

Chokaa iliyobaki iache ndooni, maji yasimame juu yake vidole viwili, funga kifuniko. Haiharibiki, huzidi kuwa nzuri, na ukingo wa baraza utaihitaji kabla ya mahali pengine popote.