Picha za Familia Kwenye Seva ya Nyumbani: Hatua kwa Hatua

Tangu Juni 2021, kila picha unayopandisha Google Photos huhesabiwa kwenye GB 15 za bure, na kwa mwenye watoto hizo hujaa upesi. Unaweza kulipia nafasi zaidi. Mimi nashauri picha za familia zikae kwako, kwenye seva, yaani kompyuta inayowaka nyumbani saa zote, ufunguo uwe nao wewe. Tutatumia Immich, programu huria ya picha, katika nyumba ya kawaida ya kupanga hapa Nairobi. Anza na huduma hii moja. Seva ya barua pepe iache kwanza: barua zinazotumwa kutoka anwani za nyumbani mara nyingi hukataliwa au huishia kwenye taka.

Hatua ya 1: Mashine

Kompyuta ndogo ya ofisi, ex-UK, kutoka maduka ya Moi Avenue au Luthuli yatosha: i5 ya kizazi cha sita kwenda juu, RAM ya GB 8, na SSD. Iwashe dukani kabla ya kulipa. Piga pia hesabu ya tokeni: mashine inayokula wati 20 usiku na mchana hutumia yuniti 14 na kidogo kwa mwezi.

Hatua ya 2: Stima

Hii msiiruke, tafadhali. Stima ikipotea wakati hifadhidata, yaani rekodi ya picha zako zote, inaandikwa, hifadhidata hiyo inaweza kuharibika. Nunua UPS (betri ya akiba) yenye tundu la USB, uchomeke humo mashine na rauta pia. Weka programu ya NUT ili mashine ijizime taratibu betri ikikaribia kuisha.

Kisha ingia BIOS, mipangilio ya mashine inayofunguliwa inapoanza kuwaka. Kwenye Dell OptiPlex tafuta AC Recovery, uchague Power On. Usichague Last State, kwa sababu mashine iliyojizima yenyewe itabaki imezimwa hata stima ikirudi, na wewe uko kazini.

Hatua ya 3: Programu

Weka mfumo endeshi wa Debian, kisha Docker, itakayoendesha Immich. Pakua faili mbili za Immich, `docker-compose.yml` na `.env`. Ndani ya `.env`, UPLOAD_LOCATION ni folda ya picha, na DB_PASSWORD lazima uibadilishe. Andika:

`docker compose up -d`

Fungua kivinjari kwenye anwani ya mashine, ukimalizia na `:2283`. Akaunti ya kwanza ndiyo ya msimamizi.

Hatua ya 4: Kuifikia ukiwa nje

Fungua ukurasa wa rauta, utazame anwani ya WAN, ile ya upande wa intaneti. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, mtoa huduma wako amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje, hivyo kufungua mlango (port) kwenye rauta hakutasaidia kitu. Hata kama anwani ni yako peke yako, usifungue. Mlango ulio wazi hupimwa na wavamizi saa zote.

Weka Tailscale kwenye mashine na kwenye simu. Hujenga kati yake njia iliyosimbwa, yaani iliyofungwa mwingine asiisome, kwa teknolojia ya WireGuard, na funguo za siri hubaki kwenye vifaa vyako. Mashine itapewa anwani nyingine inayoanza na 100. Hiyo ndiyo utakayoiandika kwenye programu ya Immich ya simu, na picha zitafunguka hata ukiwa kwenye matatu. Orodha ya vifaa vyako bado itasimamiwa na kampuni ya Tailscale. Usipolitaka hilo, jifunze baadaye Headscale, programu huria ya kuisimamia orodha hiyo mwenyewe.

Hatua ya 5: Nakala

Diski ya nje iliyo kando ya seva haitoshi, maana mwizi hubeba vyote. Tumia restic, programu ya nakala rudufu, kusimba nakala ya folda nzima ya UPLOAD_LOCATION; Immich huweka humo pia nakala za hifadhidata. Diski moja ikae nyumbani, nyingine kwa dada yako au kwa wazazi shambani, na mzibadilishane mnapotembeleana. Nywila ya restic iandike kwenye karatasi. Ikipotea, hakuna atakayezifungua picha hizo, hata wewe.

Sasa jaribu kuzirudisha (badala ya `/mnt/diski` weka mahali ulipoiweka nakala):

`restic -r /mnt/diski restore latest --target /tmp/jaribio`

Fungua picha kadhaa za zamani na za jana, uzitazame kwa macho yako. Mpaka hapo, usifute chochote Google.