Talaka ukiwa Uingereza: ndoa, mali na watoto ni faili tatu

Mtu akikwambia mahakama imeshamaliza talaka yake, muulize imemaliza ipi. Kuvunja ndoa ni ombi moja, kugawana mali ni ombi jingine, na mipango ya watoto ni ya tatu. Kila moja lina fomu yake na mwendo wake, na kumalizika kwa moja hakumalizi mengine. Wengi wetu hupata karatasi ya kwanza, wakadhani wametua mzigo.

Ninayoeleza hapa ni ya England na Wales. Scotland na Ireland Kaskazini zina sheria zao, kwa hiyo aliyeko Glasgow atafute mwongozo wa huko.

Anza na ndoa yenyewe

Ndoa iliyofungwa nyumbani kwa kufuata sheria ya nyumbani, iwe bomani, kanisani au kwa kadhi, kwa kawaida inatambuliwa Uingereza. Utatakiwa kutoa cheti halisi au nakala iliyothibitishwa, na kama hakikuandikwa kwa Kiingereza, tafsiri iliyothibitishwa. Wa Tanzania Bara aliyepoteza cheti aanze na RITA, wakala wa serikali wa usajili, mapema, maana kutafuta nakala kwa kumtuma ndugu ni kazi ya subira.

Penye matatizo ni nikah iliyofungwa hukuhuku, sebuleni au msikitini, bila msajili wa serikali. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Akhter na Khan, ilisema shughuli ya namna hiyo haizai ndoa ya kisheria. Mbele ya Mungu mmeoana, lakini mbele ya jaji hakuna ndoa ya kuvunja, na mwanamke aliyelea nyumba miaka 15 hawezi kudai mgawo kama mke. Atabaki kuhangaika na madai ya nani alichangia kununua nyumba. Haki za watoto hazibadiliki. Kama ndoa yenu ni ya namna hiyo na bado mnaelewana, nendeni kwa msajili sasa hivi. Mtatoa taarifa ya kukusudia kuoana na kusubiri angalau siku 28, ila ada ni ndogo.

Talaka nayo ina mtego wake. Sheria ya Familia ya mwaka 1986 inasema hakuna talaka inayotolewa ndani ya Uingereza ikawa na nguvu isipokuwa imetolewa na mahakama. Kwa hiyo ukimtamkia mkeo talaka ukiwa Leicester, au ukamtumia kwa WhatsApp kutoka kazini, kisheria bado mmeoana, hata kama sheikh ameandika na mashahidi wapo. Haisaidii pia kuitamkia hapa kisha kuipeleka nchi nyingine ikasajiliwe: Mahakama ya Mabwana (House of Lords), iliyokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo, ililikataa hilo mwaka huohuo wa 1986. Talaka iliyopitia mahakama ya nyumbani mwanzo hadi mwisho ni habari nyingine. Hiyo inaweza kutambuliwa kama mmoja wenu ni raia au mkazi wa huko. Hata hapo, sheria ya mwaka 1984 inamruhusu aliyeachwa kuomba kibali cha kudai mali katika mahakama ya Uingereza. Kukimbilia nyumbani ili kukwepa mgawo si njia ya mkato kama watu wanavyohadithiana.

Na upande wa pili, karatasi ya jaji si lazima ikufungue kidini. Mwislamu atahitaji kumaliza na sheikh wake, na Mkatoliki ana baraza la kanisa lake.

Kuvunja ndoa: hapa ni rahisi

Tangu tarehe 6 Aprili 2022 hakuna tena kutafuta kosa. Huhitaji kuthibitisha uzinzi wala ukatili. Unatamka kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, na mahakama inalipokea tamko hilo kama ushahidi kamili. Masharti ni kwamba ndoa iwe imetimiza mwaka mmoja, na mmoja wenu awe anaishi kwa kawaida England au Wales, au apahesabu kuwa ndiko kwao kisheria.

Maombi hufanywa mtandaoni au kwa fomu ya karatasi, D8, peke yako au pamoja. Ada imepita pauni 600. Mwenye kipato kidogo ajaze fomu ya kuomba nafuu, EX160, na wapo wanaosamehewa yote. Mwenzako aliye nchini ana siku 14 za kujibu. Kama yuko Arusha au Muscat, wewe mwombaji ndiye unayewajibika kumfikishia karatasi, si mahakama. Kutoka siku maombi yalipotolewa zinahesabiwa wiki 20, ndipo unaomba amri ya masharti, ambayo bado haijavunja ndoa. Baada ya hiyo, wiki 6 na siku moja, ndipo unaomba amri ya mwisho. Hadi hiyo itoke, usipange harusi.

Ile kauli ya "mimi sisaini, tuone atafanyaje" imepitwa na wakati. Anayepewa karatasi anaweza kupinga uwezo wa mahakama kusikiliza shauri, au uhalali wa ndoa, au kuonyesha kwamba ndoa ilikwisha kuvunjwa, basi. Akinyamaza, mwombaji atathibitisha kwamba karatasi zilimfikia na shauri litaendelea bila yeye. Bahasha za kahawia zisizofunguliwa juu ya friji zimewaponza watu wengi kuliko hoja za mawakili.

Lakini usiikimbilie amri ya mwisho kabla mali haijakaa sawa. Siku inapotoka, unaweza kupoteza haki ya kukaa katika nyumba iliyo kwa jina la mwenzako, na pia pensheni ya mjane au mgane endapo atafariki kabla hamjagawana. Wakati mwingine ni busara kuiacha isubiri.

Mali, pamoja na ile ya nyumbani

Amri ya kuvunja ndoa haifungi madai ya fedha. Kuna mwanamume aliyeachana na mkewe mwaka 1992 hana kitu, baadaye akatajirika kwa umeme wa upepo. Mtalaka wake alirudi mahakamani mwaka 2011, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikasema madai yake yasikilizwe. Mkikubaliana, hata kama hamna cha kugawana, pelekeni makubaliano yenu mahakamani yawe amri inayofunga mlango wa madai kwa pande zote mbili. Makubaliano yaliyosimamiwa na wazee na kusainiwa mezani ni mazuri kwa amani, ila hayamfungi jaji. Jihadhari pia na jambo hili: ukiolewa au ukioa tena kabla ya kuwasilisha madai yako, unaweza kuyapoteza.

Msipokubaliana, kwanza mnahudhuria kikao cha kuelezwa kuhusu usuluhishi, isipokuwa penye ukatili wa nyumbani, kisha inakuja Fomu E. Hii ndiyo inayowatoa watu jasho. Inataka taarifa za benki za miezi 12, thamani ya pensheni, madeni, na kila mali popote duniani. Popote maana yake ni pamoja na kiwanja cha Kigamboni, shamba la Kitale, ng'ombe, hisa za chama na zamu yako ya upatu. Nimewasaidia watu kuijaza, na mazungumzo huwa haya:

"Kaka, hii nyumba ya Kisauni mbona hujaiandika?"

"Ile si yangu. Iko kwa jina la mama."

"Na pesa za kujengea zilitoka wapi?"

Hapo kimya. Jaji naye atauliza hivyohivyo. Atapekua taarifa za benki aone pesa ulizokuwa ukituma kila mwezi, na risiti za simenti zilizobaki kwenye simu yako. Kama kweli ulikuwa unamjengea mama, sema hivyo na ulete ushahidi, maana kumjengea mzazi si kosa. Ila jina kwenye hati halimalizi mjadala; mahakama inaangalia mwenye mali halisi ni nani, na mama anaweza kuingizwa kwenye shauri. Ukificha, jaji ana ruhusa ya kukisia kwamba ulichoficha ni kikubwa. Na amri iliyopatikana kwa uongo inaweza kufunguliwa upya miaka kadhaa baadaye. Mahakama ya Juu ilisema hivyo katika mashauri mawili siku moja, mwaka 2015.

Mgawo hauangalii nani alikuwa analipwa mshahara. Tangu shauri la White mwaka 2000, aliyebaki nyumbani na watoto hapewi uzito mdogo kuliko aliyebeba boksi. Mahali pa kuanzia ni nusu kwa nusu, lakini mahitaji, hasa ya makazi ya watoto, yanaweza kuusogeza mgawo huo. Mahari haina kifungu chake. Iandike kama jambo la kuangaliwa, usiitegemee.

Watoto

Mkielewana kuhusu watoto, mahakama haina haja ya kuwaingilia. Msipoelewana, ombi ni fomu C100, na jaji anaongozwa na ustawi wa mtoto kabla ya kitu kingine chochote. Hakuna kanuni kwamba watoto ni wa ukoo wa baba, wala kwamba wadogo ni wa mama.

Kabla ya kikao cha kwanza, Cafcass, taasisi ya ustawi wa watoto katika mahakama za familia (Wales ina yake), itakagua kumbukumbu za polisi na halmashauri, kisha itampigia simu kila mzazi. Simu mara nyingi huja kwa namba iliyofichwa. Watu wetu wanadhani ni matapeli au wadai, hawapokei, na barua inayofika kwa jaji inasema mzazi huyu hakupatikana. Wiki hizo pokea kila simu. Ukiulizwa, mzungumzie mtoto: analala saa ngapi, nani anampeleka shule, anaogopa nini. Matusi unayomrekodia mwenzako usiku yatatafsiriwa na kuwekwa mezani.

Pesa za matunzo kwa kawaida hazipitii kwa jaji, zinapitia huduma ya serikali ya matunzo ya watoto. Kwa kipato cha kawaida, kiwango ni asilimia 12 ya mapato kabla ya kodi kwa mtoto mmoja, 16 kwa wawili, 19 kwa watatu na zaidi, na kinapungua kwa usiku ambao mtoto analala kwa mlipaji.

Kumpeleka mtoto kwa bibi likizo kunahitaji idhini ya kila mwenye wajibu wa mzazi, yaani mamlaka ya kisheria juu ya mtoto. Aliye na amri kwamba mtoto anaishi naye anaweza kusafiri naye hadi siku 28 bila idhini hiyo. Bila amri wala idhini, ni jinai chini ya sheria ya utoroshaji wa watoto ya 1984. Kenya na Tanzania hazimo katika Mkataba wa Hague wa 1980 wa kurudisha watoto, ndiyo maana jaji akisikia Nairobi au Dodoma huuliza maswali mengi na anaweza kudai tiketi ya kurudi au dhamana ya fedha. Usilichukulie kama ubaguzi. Jiandae nalo na ulete majibu.

Visa, wakili, mkalimani

Aliyeko kwa visa ya mwenza anatakiwa kuijulisha Wizara ya Mambo ya Ndani ndoa inapovunjika, na muda wake unaweza kufupishwa, mara nyingi hadi siku 60. Aliyekimbia ukatili wa nyumbani ana njia tofauti: kibali cha miezi 3 chenye haki ya kupata misaada ya serikali, huku akiomba ukaazi wa kudumu. Asirudi kwenye kipigo kwa hofu ya visa, na asitangulie kutoa taarifa kabla hajazungumza na mshauri wa uhamiaji.

Msaada wa wakili wa serikali ulibanwa sana mwaka 2013. Waathirika wa ukatili wenye ushahidi, kama barua ya daktari au ya polisi, bado wanaweza kuupata kwa kutegemea kipato. Wengine hujitetea wenyewe, na unaweza kuomba rafiki akae kando yako akunong'oneze na kuandika, ingawa hataruhusiwa kuzungumza kwa niaba yako bila ruhusa ya jaji.

Mkalimani hulipwa na mahakama, ila lazima umwombe mapema, tangu kwenye fomu. Usilete binamu. Na usiandike "Kiswahili" tu: sema cha wapi. Mtu wa Bukavu aliyeletewa mkalimani wa Unguja, au Mbajuni aliyeletewa mtu wa bara, ana haki ya kumwambia jaji palepale kwamba hawaelewani, na kikao kikaahirishwa.