Kuirudisha xclock na wenzake kwenye skrini

Saa ya mviringo pembeni, grafu ndogo ya mzigo wa mashine chini yake, macho mawili yakikodolea mshale wa kipanya: vitu vilivyozoeleka tangu enzi za X11, mfumo wa kuchora madirisha kwenye Unix na Linux uliotoka mwaka 1987. Bado vipo, tena vyepesi vilevile. Kwenye Debian na Ubuntu vimo katika kifurushi kimoja:

sudo apt install x11-apps

Arch huvitoa kimoja kimoja: xorg-xclock, xorg-xload, xorg-xeyes.

Anza na saa:

xclock -update 1 -geometry 120x120-10+10 &

Bila -update 1 hutaona akrabu ya sekunde, kwa sababu saa hujichora upya kila sekunde 60 tu. 120x120 ni ukubwa kwa pikseli. Kinachowakanganya wengi ni alama zinazofuata: -10 ni pikseli 10 kutoka ukingo wa kulia, +10 ni 10 kutoka juu. Andika +10+10 uone saa ikihamia kushoto. Ukisahau &, terminali itaganda mpaka uifunge saa.

Kisha grafu:

xload -update 5 -geometry 120x80-10+160 &

Hapa usidanganywe na urefu wa grafu. Mzigo ukizidi 1, xload hubana kipimo na kuchora mistari ya mlalo. Kila mstari ni mzigo wa 1. Grafu fupi yenye mistari minne ni mashine iliyoelemewa kuliko grafu ndefu isiyo na mstari.

Rangi na mipangilio mingine huwekwa kwenye ~/.Xresources:

XClock*update: 1
XLoad*foreground: navy

Herufi mbili za mwanzo ni kubwa. Ukiandika Xclock, mstari unapuuzwa kimyakimya. Pakia kwa xrdb -merge ~/.Xresources, halafu fungua programu upya, kwani iliyo wazi tayari haibadiliki.

Wanaoanzisha X kwa amri ya startx waweke amri hizi kwenye ~/.xinitrc, juu ya mstari wa exec. Chini yake hakuna kinachosomwa.

xbiff, inayoarifu barua pepe mpya, iache, labda kama barua zako bado hushukia /var/mail.

Kwenye Wayland, mfumo mpya unaochukua nafasi ya X, programu hizi hupitia XWayland, daraja la kuendeshea programu za X, na mahali ulipotaja kwa -geometry huenda pasiheshimiwe. Macho ya xeyes nayo husimama kipanya kikiingia kwenye dirisha la Wayland, maana XWayland haielezwi tena mshale uko wapi. Si hitilafu, na ina faida yake: pitisha kipanya juu ya dirisha lolote, na macho yakifuata, dirisha hilo linatumia X.