Kabla ya kuwapa samaki wa tangini antibiotiki

Samaki akizubaa karibu na uso wa maji na mapezi yake yakaanza kulika kingo, mkono hukimbilia dawa. Anza na maji. Amonia na naitraiti, sumu zinazotokana na uchafu wa samaki, ziwe sifuri; naitreti, zao lao lenye sumu hafifu zaidi, isizidi miligramu 40 kwa lita. Amonia huunguza matamvua, na samaki aliyeungua hivyo anafanana mno na mgonjwa wa bakteria. Huyo anahitaji nusu ya maji ibadilishwe kwa maji yasiyo na klorini, yenye joto lilelile. Antibiotiki haitamfaa kitu.

Maji yakiwa safi, soma dalili. Vidoa vyeupe mithili ya chembe za chumvi ni kimelea, na antibiotiki haikigusi. Utando mweupe kama pamba huweza kuwa fangasi, lakini ukizunguka mdomo au ukikaa mgongoni kama tandiko la punda, na samaki wakafa ndani ya siku mbili tatu, shuku kolumnarisi, ambayo ni bakteria na hushika kasi zaidi maji yakiwa ya moto. Samaki anayekonda huku akila na uti wake ukipinda huenda ana kifua kikuu cha samaki. Huyo mtenge, na usitie mkono wenye kidonda katika maji yake, kwa sababu bakteria hao huambukiza ngozi ya binadamu. Kwa sababu hiyohiyo, usivute mpira wa kunyonyea maji kwa mdomo.

Tangi la matibabu liandaliwe kabla dawa haijanunuliwa: lita 20 hadi 40, bila changarawe, lenye pampu ya hewa, hita na chujio la sponji. Ukimwaga dawa katika tangi kuu unaweza kuua bakteria wema wanaovunja amonia, na ndani ya siku chache sumu ikapanda. Wafugaji wa samaki wa Ziwa Tanganyika waogope hili kuliko wengine wote. Maji ya samaki hao yana pH ya juu, yaani ni ya alikali, na kadiri pH inavyopanda ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inavyogeuka kuwa ile inayoua. Hata katika tangi la matibabu, pima amonia kila siku.

Ujazo usikisie. Zidisha urefu, upana na kina cha maji kwa sentimita, kisha gawanya kwa 1,000. Tangi la 40 kwa 25 lenye maji ya kina cha sentimita 20 lina lita 20. Daktari wa mifugo akiandika miligramu 20 kwa lita, unahitaji miligramu 400, zipimwe kwa mizani ndogo. Kijiko cha chai hakipimi miligramu. Muulize pia dozi ni ya siku ngapi na, ukibadilisha maji, urudishie kiasi gani. Kukatiza dozi samaki anapochangamka huweza kuacha hai bakteria wagumu zaidi, na usugu wa dawa unaweza kuanzia hapo.

Toa mkaa wa kuchujia, maana unanyonya dawa, na uzime taa ya urujuanimno (UV) ya kuua vijidudu, kama ipo. Oksitetrasaiklini, mojawapo ya antibiotiki za samaki, hunaswa na kalsiamu na magnesiamu za maji magumu, hivyo samaki hupata kidogo sana. Pia huharibika kwa mwanga, basi funika tangi. Samaki akiwa bado anakula, omba dawa ya kuchanganya na chakula: humfikia ndani ya mwili, na maji hubeba dawa kidogo.

Tiba ikiisha, rudisha mkaa mpya kwa saa 24 kabla ya kumwaga maji chooni, kamwe si katika mtaro unaoelekea mtoni au baharini. Wavu na mpira uliotumika vikaushwe juani, na visirudi tangi kuu kabla havijakauka kabisa. Dawa iliyobaki mpelekee daktari wa mifugo au mfamasia aiteketeze.