Flashi imegeuka shotikati tupu: namna ninavyosafisha kompyuta ya nyumbani

Wiki chache zilizopita shangazi yangu, mwalimu wa sekondari hapa Morogoro, alinijia jioni na mkoba wa kompyuta begani, flashi kaibana kiganjani. Nikamwamkia, akaitika, na hapohapo akasema: "Baba, mitihani yangu imeliwa." Alikuwa ametoka steshenari kuchapa mitihani ya nusu muhula. Kila folda kwenye flashi ilikuwa imeota kimshale kwenye kona ya chini, yaani imekuwa shotikati, njia ya mkato inayoelekeza kwenye faili jingine, na ukiibofya kompyuta inafikiri kidogo halafu inaganda. Njiani alishauriwa afomati flashi, yaani aifute yote, na kompyuta apigiwe Windows upya.

Hakuna lililohitajika kati ya hayo mawili. Mitihani ilikuwemo yote, na alama za wanafunzi za muhula mzima zilikuwemo. Naandika hapa nilichofanya kwa sababu kwa miaka niliyofanya kazi hii, kompyuta nyingi za nyumbani zinazofika mezani kwangu zimeambukizwa kwa njia hii hii. Intaneti inasingiziwa sana, kumbe mlango wenyewe ni ile flashi inayozunguka kati ya nyumbani, shule na steshenari.

Hatua ya 1: Usibofye, usifomati

Chomeka flashi, fungua This PC, bofya flashi kwa kitufe cha kulia, chagua Properties. Tazama kiasi kilichotumika. Ya shangazi ilikuwa ya gigabaiti 8 na karibu 3 zilikuwa zimetumika, wakati vile vishotikati vyote vikijumlishwa havifiki hata megabaiti moja. Basi hizo gigabaiti 3 ni mali yako, imefichwa tu.

Kirusi hiki hakifuti kitu. Kinachukua folda zako, kinazificha, kisha kinaweka shotikati zenye majina yaleyale ili ubofye kwa mkono wako mwenyewe. Zamani virusi havikuhitaji mkono wako, kwa sababu Windows ilikuwa inaendesha yenyewe kilichomo kwenye flashi. Mwaka 2011 Microsoft walisambaza sasisho la kuizuia tabia hiyo hata kwenye XP na Vista, na virusi vikahamia kwenye hila ya shotikati.

Usitegemee kuitambua shotikati kwa herufi za mwisho wa jina. Hata ukiiamuru Windows ionyeshe viambishi vya mafaili, .lnk haionyeshwi. Tazama kimshale, au panga dirisha kwa Details usome safu ya Type. Ikiandikwa Shortcut, usiiguse.

Hatua ya 2: Anza na kompyuta, flashi baadaye

Chomoa flashi kwanza. Watu wengi wanakosea hapa: wanasafisha flashi vizuri kabisa juu ya kompyuta iliyoambukizwa, na kabla hawajaichomoa imeshachafuka tena. Kisha wanasema kirusi ni sugu.

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager itafunguka. Nenda Details, utafute wscript.exe. Hiyo ni programu halali ya Windows, kazi yake ni kuendesha skripti, yaani mafaili ya amri. Usiifute! Nimeshaletewa kompyuta ambayo mwenyewe alifuata Open file location, akafika System32, akajaribu kumfuta huyu ambaye hana kosa. Unayemtafuta ni skripti anayoiendesha. Bofya kwa kitufe cha kulia juu ya vichwa vya safu, chagua Select columns, weka tiki kwenye Command line. Sasa utaiona njia nzima, mara nyingi ndani ya AppData\Roaming au Temp, ikiishia na faili la .vbs au .js lenye jina lisilo na maana.

Iandike njia hiyo kwenye karatasi. Kisha zima wscript.exe kwa End task, na baada ya hapo ndipo ufute lile faili. Ukifuta faili kabla ya kuzima, skripti iliyo hai kwenye kumbukumbu inaweza kujiandika tena papo hapo.

Halafu ondoa kinachoiamsha kila unapowasha kompyuta. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika shell:startup, futa usichokifahamu. Tazama pia Startup ndani ya Task Manager, na Task Scheduler, inayoendesha programu kwa ratiba.

Hatua ya 3: Defender, na mahali ambapo wengi hawatazami

Mimi ni mtu wa Microsoft Defender, antivirusi ya Microsoft wenyewe. Inakuja na Windows, ni ya bure, na kwa kompyuta ya nyumbani inatosha. Sipendi antivirusi za kuvunjwa zinazouzwa kwa elfu tano kwenye sidii, na zile programu zinazoahidi kusafisha rejista (daftari la mipangilio ya Windows) na kuongeza kasi naziondoa hata kabla ya kumuuliza mwenye kompyuta.

Ila fungua Windows Security, Virus & threat protection, Manage settings, ushuke mpaka Exclusions. Kwenye kompyuta ya shangazi niliikuta C: nzima imeandikwa pale. Aliyempigia Windows alitumia kianzishi cha wizi, programu ya kuiwezesha Windows bila leseni, kikaiamuru Defender isikague diski yote, na kwa hiyo alama ya kijani ikawa inawaka huku mlinzi amefumbishwa macho. Futa kila kilichomo humo usichokiweka mwenyewe.

Sasisha orodha ya virusi, kisha chagua Scan options, halafu ile ya offline. Kompyuta itajizima na kukagua kabla Windows haijaamka, kama robo saa hivi. Hakikisha iko kwenye chaji.

Hatua ya 4: Kufichua mafaili

Hapa ndipo nilipopoteza usiku mzima nilipokuwa bado najifunza kazi, kwa hiyo nitaenda polepole.

Chomeka flashi na usiifungue. Soma herufi yake kwenye This PC: E, F, G, vyovyote itakavyokuwa. Hakiki mara mbili. Amri inayofuata ukiielekeza C: utavua alama za mafaili ya mfumo kwa maelfu na kompyuta itakuwa na vurugu ambayo hutaimaliza leo. Kisha andika cmd (dirisha la kuandikia amri) kwenye sehemu ya kutafutia, ifungue, na kama flashi ni F andika hivi:

attrib -h -r -s /s /d F:\*.*

Kila kipande kina kazi. -h inavua alama ya kufichwa, -r ya kusomwa tu, -s ya mfumo. /s inaingia kwenye folda za ndani, na /d inazigusa folda zenyewe pamoja na mafaili. Acha nafasi kabla ya kila kipande.

Usiku ule mimi niliandika -h peke yake, maana nilijua mafaili yamefichwa na nikaona hiyo inatosha. Kompyuta ikanijibu kwa kila faili: "Not resetting system file". Nikadhani ni ruhusa. Nikafungua cmd kama msimamizi, jibu lilelile. Nikadhani flashi imekufa, nikahamia kompyuta nyingine. Nikashusha programu tatu za kurejesha mafaili, bando likaisha saa nane za usiku. Kumbe maana yake ni moja tu: kirusi kilikuwa kimeyavika mafaili alama mbili kwa pamoja, ya kufichwa na ya mfumo, na attrib inakataa kuivua moja ikiwa nyingine umeiacha. Lazima -h na -s ziende pamoja kwenye amri moja. Ukiliona jibu hilo, hakuna kilichoharibika. Rudia amri yote kamili.

Ikichukua dakika kadhaa bila kuandika kitu, iache, inafanya kazi. Ikimaliza itarudisha mstari wa F au C ukisubiri.

Sasa fungua flashi kwa kuandika F: kwenye upau wa anwani juu. Utaona moja kati ya mawili. La kwanza, folda zako zimerudi, zimekaa bega kwa bega na shotikati. La pili linawatisha watu: folda hazipo, ila kuna folda moja isiyo na jina, ikoni tu na chini yake patupu. Ni kwamba imepewa jina la herufi ya nafasi isiyoonekana. Ifungue. Ya shangazi ilikuwa ya namna hii, na ndani yake nikakuta MITIHANI, ALAMA, na picha za harusi ya binamu yangu, tarehe zake vilevile. Nikamgeuzia kioo. Alisoma jina la kila faili kwa sauti mpaka mwisho.

Utaona pia System Volume Information. Ni ya Windows, iache.

Nakili kwenye kompyuta nyaraka na picha tu: .docx, .xlsx, .pdf, .jpg na jamaa zake. Usinakili folda nzimanzima kwa haraka, maana unaweza kubeba .vbs, .lnk au .exe iliyojificha humo. Kama hukumbuki kuweka programu kwenye flashi, basi hakuna .exe iliyo yako. Ukishafungua mafaili mawili matatu na kuhakikisha yanasomeka, sasa ndiyo ufomati flashi. Quick format inatosha.

Hatua ya 5: Kuufunga mlango

Nyumbani hakuna anayehitaji skripti za .vbs. Fungua cmd kama msimamizi, uandike kwa mstari mmoja:

reg add "HKLM\Software\Microsoft\Windows Script Host\Settings" /v Enabled /t REG_DWORD /d 0 /f

Toka hapo skripti ya namna ile ikibofywa, Windows itasema imezuiwa. Baadhi ya programu za ofisini zinaitegemea, kwa hiyo kwenye kompyuta ya kazini uliza kwanza. Ukitaka kurudisha, badili 0 iwe 1.

Watoto wafungulie akaunti ya kawaida yenye jina lao, ya msimamizi ibaki kwako na nywila yako.

Na ukienda steshenari, peleka flashi yenye faili moja tu unalolichapa, katika PDF. Ukirudi ifomati bila hata kuifungua. Au litume kwa barua pepe, flashi isiondoke nyumbani.

Hatua ya 6: Masasisho na bando

Najua kwa nini watu wanazima masasisho. Ukiunganisha simu kama hotspoti, asubuhi bando la wiki limekwisha. Usizime. Nenda Settings, Network & internet, fungua mtandao wako, washa Metered connection. Windows itaacha kushusha mizigo mikubwa bila kukuuliza. Kisha tafuta Delivery Optimization, uzime ruhusa ya kupokea kutoka kompyuta nyingine, kwa sababu ikiwa wazi ya kwako pia inaweza kuwapakilia wengine masasisho kwa bando lako. Ukipata Wi-Fi ya uhakika, mara moja kwa mwezi, shusha yote.

Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kuna mpango wa nyongeza kwa watumiaji wa nyumbani unaofika 13 Oktoba 2026. Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa prosesa za Intel, kwa jumla kizazi cha 8 kwenda juu, ambavyo kompyuta nyingi za mtumba hazina. Mimi kwenye hizo naweka Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, na kwa mtu wa kuandika, kuchapa na kuperuzi haimsumbui. Shangazi amekataa, anataka Word yake, tumemwandikisha kwenye ule mpango.

Hatua ya 7: Uzito

Fungua Task Manager, Performance. Ikiwa Disk inasoma 100% dakika nyingi baada ya kuwasha, na kompyuta ina diski ya kuzunguka, hakuna programu ya kuitibu. Weka SSD, diski isiyozunguka. Ya gigabaiti 256 inatosha, na ndiyo fedha pekee ninayomshauri mtu aitumie kwenye kompyuta ya zamani kabla ya nyingine yoyote. Ukishaiweka usiidifragi (kuvipanga upya vipande vya mafaili), Windows inaitunza yenyewe.

Kama feni inalia na chini panaunguza, ni vumbi. Zima, chomoa chaji, fungua mfuniko, tenganisha betri. Kati ya feni na mapezi ya shaba utakuta utando wa vumbi na nywele uliokamatana, unaubandua na kibano kama kipande cha blanketi. Kupuliza kwa nje kunausukuma tu ndani zaidi. Bana feni kwa kijiti isizunguke wakati unapuliza, na brashi iwe laini na kavu. Ya shangazi ilikuwa na nyuzi za kitambaa chekundu. Anaiweka juu ya kitanda anaposahihisha. Nimempa ubao wa kuiwekea.

Hatua ya 8: Nakala

Diski ya nje, Ijumaa kwa Ijumaa. Nakili, kisha ichomoe, maana diski iliyochomekwa muda wote inaambukizwa pamoja na kompyuta. Ya shangazi inakaa kabatini chumbani kwake, ndani ya kopo la biskuti, na haijawahi kufika steshenari.