SOMO: Wastaafu na gari la kulala, Iringa hadi Kyela, na namna ya kufika kwa watoto bila kuwaudhi

Habari za humu. Kila nikichangia mada ya wastaafu kuna mtu ananifuata pembeni: mama, mnalala vipi kwenye gari? Nimechoka kuandika jibu lile lile. Naliweka hapa, atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

Makazi yetu ni Iringa. Mzee anaendesha, mimi nashika pesa na vidonge. Watoto na ndugu wametawanyika Mafinga, Njombe, Uyole, Tukuyu na Kyela. Kuwazungukia kwa basi kulikuwa kunatumaliza magoti, na kila tunakofika mjukuu anahamishwa chumba. Wazungu wakistaafu hununua gari-nyumba lenye jiko na choo ndani. Sisi tulichukua Hiace. Kiinua mgongo chote kisiishie kwenye gari.

HATUA YA 1: Gari. Hiace ndefu ya dizeli, bodi isiyo na kutu. Ikaguliwe na fundi wako, si fundi wa muuzaji.

HATUA YA 2: Kitanda. Toa viti vya nyuma, piga fremu ya mbao, godoro la futi 4 kwa 6, masanduku chini. Mbao nunua Mafinga. Kila kitu kifungwe, kisichofungwa kitakufuata shingoni siku ya breki ya ghafla. Wakala wa bima aambiwe kwamba viti vimetolewa.

HATUA YA 3: Umeme. Betri ya pili inayojitegemea, paneli ya sola juu ya paa, taa na chaji ya simu. Betri ya kuwashia gari usiiguse. Friji sahau.

HATUA YA 4: Maji na choo. Madumu mawili ya lita 20. Choo cha usiku ni ndoo yenye mfuniko na maranda ya mbao, ambayo kule Mafinga yamejaa. Kwa umri huu hutoki nje Njombe saa tisa usiku mwezi wa saba.

HATUA YA 5: Baridi. Juni na Julai, Njombe na Makete hupata hadi sakitu, yaani umande unaganda kuwa barafu. Blanketi nzito, soksi, kofia. Jiko la mkaa LISIINGIE ndani ya gari, hata kama yamebaki makaa mekundu yasiyotoa moshi. Sumu yake, kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi. Inawakuta mmelala na hamuamki. Gesi nayo mpikie nje. Dirisha liachwe wazi upana wa vidole viwili kila upande, la sivyo pumzi zenu zinageuka maji na godoro linalowa.

HATUA YA 6: Barabara. Malori ya Tunduma hayalali. Sisi tunaondoka kumekucha, saa kumi jioni tumeshaegesha. Kwenye mteremko shuka na gia ndogo, injini ikushikilie. Breki ikikanyagwa mfululizo inachemka na mwisho haishiki. Mteremko wa Kitonga kila mtu anauogopa, halafu anafika ule wa Mlima Nyoka au Iwambi, kule Mbeya, anajiachia. Uyole kwenda Tukuyu tegemea ukungu hata mchana.

HATUA YA 7: Kufika. Hapa ndipo wengi mtaharibu, na sisi tuliharibu. Tulifika Tukuyu jioni kwa kijana wetu, tukasema kwa nia njema: msihangaike, sisi tunalala garini. Kumbe mkwe alikuwa ameshatandika, mashuka mapya, bado yana mikunjo ya dukani. Hakusema neno. Asubuhi jirani akamuuliza kulikoni wazazi wa mume wanalala kwenye gari kama utingo. Na si hilo tu. Gari tulikuwa tumeliegesha ubavuni mwa jiko, mzee akashuka alfajiri na taulo begani, uso kwa uso na mkwe anayeosha vyombo. Kwa Wanyakyusa wa zamani mkwe wa kike na baba mkwe hawakukutana kabisa. Siku hizi imelegea, lakini haya bado ipo. Binti aliacha sufuria na povu lake akaingia ndani.

Kwa hiyo piga simu kabla, na usiishie kwa mwanao. Ongea na mwenye jiko. Usiku wa kwanza ni wa mwenyeji: lala alipotandika, kula alichopika. Kuanzia wa pili omba kulala garini, na sababu iwe ya mwili, kwamba mgongo umezoea godoro lile. Sababu hiyo haimwaibishi mtu. Gari likae nyuma ya nyumba, mlango uelekee kwenye ua. Msipike chakula chenu uani kwa mtu, HATA CHAI. Siku ya kuondoka itajeni siku mnayofika. Ule msemo wa mgeni na jembe hautuachi nje sisi wazee.

Kwa binti aliyeolewa, mwulize kwanza desturi za kwa mumewe. Kuna koo ambazo mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe, na hapo gari linakuokoa.

HATUA YA 8: Kulala njiani. Uani mwa gesti yenye ukuta na mlinzi, au misheni, unaomba, unalipa. Kisolanza, ukitoka Iringa kwenda Mafinga, wana eneo la kambi. Ukiwa kijijini, mwenyekiti apate taarifa kabla ya giza. Kando ya barabara, hapana.

MASWALI

Mzalendo_Kihesa: Gari bei gani?

Mama Safari: Bei inabadilika kila wiki. Nenda yadi.

Dogo wa Soweto: Shikamoo mama. Mimi nina Vitz, inafaa?

Mama Safari: Marahaba. Kulala au kukaa?

Mkweli Daima: Suala la mkaa mnatisha watu. Sisi tumekua tunalala na jiko ndani, mbona tuko hai?

Mama Safari: Nyumba yenu ina upenyo juu ya ukuta na chini ya mlango. Gari limezibwa kwa mpira kila upande. Kuna waliolala na jiko hata kwenye nyumba na hawapo humu kukujibu. Kwa hili sibishani.

Binti Rungwe: Shikamoo mama. Mimi ndiye huyo mkwe wa hatua ya 7, ila wa familia nyingine. Wazazi wa mume wangu wanakuja Desemba na gari. Nianzie wapi?

Mama Safari: Marahaba mwanangu, swali zuri. Usisubiri wao waseme. Mwambie mama mkwe kwenye simu: "kitanda kipo, na pa kuegesha pia papo, mtachagua wenyewe." Hapo umeshawaondolea mzigo. Baba mkwe mtengee njia yake ya kwenda bafuni isiyopita jikoni, hata kama ni ya kuzunguka nyumba. Sisi na mkwe wetu tulimaliza yetu tukimenya ndizi, mimi nikaanza kwa kuomba radhi. Siku hizi ndiye anayemwelekeza mzee pa kuegesha, kwa kumtuma mtoto.

Mstaafu Mtarajiwa: Dada, kwa nini maharage yangu Njombe hayaivi? Gesi inaisha bure.

Mama Safari: Kaka, ni urefu wa nchi. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100. Yanatokota, ila si ya moto kama ya Kyela. Loweka maharage kwenye ndoo ya mfuniko asubuhi mnapoondoka, yalowe njia nzima, jioni mwaga yale maji ndipo ubandike. Kama una sufuria ya presha, umemaliza kazi.

Fundi Plau: Mkirudi na mchele wa Kyela getini hamsumbuliwi ushuru?

Mama Safari: Mazao yasiyofika tani moja hayatozwi ushuru ukiyatoa halmashauri moja kwenda nyingine. Sema hivyo kwa upole. Mchele weka mbali na dumu la dizeli, unavuta harufu.

Mzalendo_Kihesa: Na kule hifadhi ya maua ya Kitulo, Hiace inapanda?

Mama Safari: Hilo sasa ni swali. Maua ya Kitulo yanachanua kipindi cha mvua, Desemba hadi Aprili, na mvua hizo hizo ndizo zinazoharibu njia. Zile kona 57 za Chimala kwenda Matamba tuliziangalia kutoka chini tukaliacha gari uani kwa mtu, tukapanda na gari la wenyeji. Dereva wake anazijua zote, na sehemu kubwa ya njia mzee alikuwa amefumba macho.

Dogo wa Soweto: Mama, kukaa.

Mama Safari: Basi Vitz inafaa.